Mkono Wako Kwenye Kioo

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza namna nyingine. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukinirudisha mlangoni nikisahau salamu, hata kama nimekuja mbio kusema kwamba ng'ombe amekata kamba. Haya, nimesalimu. Ni mimi Apolonia, binti yako, yule uliyekuwa ukisema ulimi wake una pilipili.

Nimekaa hapa kihambani, kwenye migomba yetu, karibu na ulipolala. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na mlima hauonekani kabisa. Kahawa ya upande wa mfongo, kwenye mfereji wa maji, imeiva, nyingine inaanguka chini, na hakuna anayeichuma sawasawa. Tunachuma kidogo, tunaacha. Shuleni nimeomba ruhusa, na watoto wangu wa darasa la kwanza wamepewa mwalimu mwingine, maskini, na mwenyewe hana subira hata chembe. Kazi yangu sasa ni Mama. Barua hii ni ya habari zake, maana kuna jambo nimelifanya, Baba, na sijui kama ungenisifu au ungenichapa.

Nianze na lile unalopaswa kujua. Watu wamesema ulikuwa umelewa.

Siku ile lori ulilokuwa ukiliendesha lilipoacha barabara kwenye kona ya chini ya Marangu, likatumbukia korongoni na magunia yote ya kahawa, tajiri wa lori alifika kabla hata hujafunikwa. Akanusa huku na huku kama mbwa wa kuwinda, akamwambia askari, "Huyu alikunywa." Basi. Neno hilo lilipanda mlima haraka kuliko gari lolote. Mpaka tunakuzika, wanawake waliokuja na ndizi za msiba walikuwa wananong'ona huko nyuma ya jiko: mbege ya mkewe, pombe ile ya ndizi, ndiyo imemmaliza. Nilitoka na mwiko mkononi. Shangazi akanishika kiuno akasema, "Apolonia, si leo."

Hao ningewaweza. Tatizo ni kwamba Mama naye aliamini.

Hakulia, Baba. Wewe unamjua Mama, mtu anayelia hata kuku akiliwa na kicheche, lakini wewe ulipoletwa umefungwa kwenye blanketi hakutoa chozi. Alikuosha, akakuvisha, akakaa chini. Wamama wa kanisani walimkumbatia wakimwambia, "Lia mama, lia utue." Akawaangalia tu. Mtungi wa mbege akaugeuza ukalala kifudifudi nje, na ulezi aliokuwa ameuotesha wa kupikia mbege akawamwagia kuku. Akala kidogo, akalala vizuri, akaamka. Hapo kwenye kulala vizuri ndipo nilipoogopa zaidi.

Siku moja tunamenya ndizi, nikamwuliza kwa nini halii. Akasema bila kuinua uso, "Asubuhi ile kulikuwa na baridi. Nilimpa kata moja ya mbege apashe mwili. Nilimpa kwa mkono huu. Sasa nitamlilia vipi mtu niliyemuua?"

Akaendelea kumenya.

Kata moja! Kwako wewe kata moja ilikuwa uji. Nilimwambia hivyo, nikamwambia kwa sauti kubwa, nikarudia, mpaka nikajiona mjinga, maana mtu hapigiwi kelele akapona. Nikajua lazima nimletee kitu cha kushika. Na mimi nilikuwa nakijua kitu hicho kilipo. Nilijua kwamba kwa vyovyote vile, kilichotokea kwenye ile kona kilihusu kioo.

Madereva wengine waliogopa breki, wengine waliogopa askari, wewe uliogopa kioo cha mbele. Unakumbuka likizo zangu za shule, uliponipakia kwenda Moshi stesheni kushusha kahawa? Nilikuwa nakaa kushoto na kikapu cha Mama mapajani, na wewe unahubiri njia nzima. Usilifuate lori la mbele kwa karibu, subiri vumbi lake litue, maana kwenye vumbi ndimo kokoto zinaruka. Asubuhi ya baridi usimwage maji ya moto kwenye kioo chenye umande. Yule dereva wa Sanya Juu alimwaga, kioo kikalia "ta!", akaendesha mpaka mjini ametoa kichwa dirishani kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Ulicheka kwa hadithi hiyo kila mara kana kwamba ni mpya. Na tukitoka Kahe, kule bondeni kwenye jua la kupasua kichwa, hukuruhusu mtu aoshe kioo kwa maji ya mfereji hadi lori likae kivulini kwanza lipoe.

Ufa ukitokea ndiyo kabisa, ilikuwa kama nyumbani kuna mgonjwa. Ulikuwa unaukausha, unaupaka nta ya mshumaa ili maji na vumbi visiingie, halafu kwenye ncha ya ufa unaweka alama ya chaki, chaki zangu, Baba, ulizokuwa ukiniibia. Kila asubuhi unakwenda kutazama kama ufa umevuka alama. Mama akiwa mlangoni na kata yake anakuita, "Mke mdogo ameamkaje?" Nawe unajibu, "Salama, na hana maneno kama mkubwa." Sisi Wakatoliki wazuri, nyumba ya wake wawili! Mama alikuwa anatingisha kichwa, lakini kila kanga yake ikichakaa alikukatia kipande laini cha kumfutia huyo huyo mke mdogo.

Halafu ule wavu. Ulichukua waya wa banda la kuku ukaukaza kwenye fremu ya mbao, ukaufunga mbele ya kioo kwa bawaba, ukitaka kufuta unaufunua, ukimaliza unaurudisha. Kokoto zikaruka, zikagonga waya, zikadondoka. Madereva walikucheka, kisha mmoja mmoja wakaja kuuliza umefungaje. Lori jipya lilipofika, ukauhamishia huko siku ile ile. Na siku ile ile tajiri akauona. "Gari langu si banda la kuku. Toa." Ulitoa. Hukubishana, na mimi nilikukasirikia kwa kutobishana, na leo namkasirikia yeye zaidi. Waya ukampa Mama, akazibia ua upande wa mbuzi.

Kioo cha lori jipya kilikuwa cha namna nyingine. Ulinieleza ukiwa umekunja uso. Kile cha zamani jiwe likikipiga kinapata ufa, unajua adui yako yuko wapi. Hiki kigumu, jiwe dogo hakisikii, lakini likipata pale penyewe kinapasuka chote kwa mara moja, kinakuwa cheupe kama maziwa ya mgando, na wewe dereva huoni kitu. Ukasema, "Hapo umebaki na mkono tu."

Mkono wako huo. Ukiona gari linakuja mbele kwenye barabara ya changarawe, unapunguza mwendo, unasogea pembeni, kisha mkono wa kulia unabaki kwenye usukani na wa kushoto unaunyoosha unabandika kiganja kwenye kioo, vidole wazi, unakikandamiza mpaka mwenzio apite. Madereva wote wa mlimani wanafanya hivyo. Ulisema kioo kikishikiliwa hakitetemeki sana, kinavumilia, na kikipasuka, kiganja kiko pale pale, unasukuma unapata tundu la kuonea njia. Nami nilibandika vyangu viwili upande wangu, na likipita gari unaniambia, "Umetuokoa, mwalimu." Bado nilikuwa darasa la pili, na tayari unaniita mwalimu.

Basi nilishuka Moshi. Sikumwambia Mama ninakokwenda. Nilianzia gereji walikolikokota lori. Baba, sitakuelezea lilivyokuwa. Fundi alinionyesha jiwe alilolikuta sakafuni chini ya usukani, dogo, halijazi hata kiganja. Nikafurahi kama mwendawazimu. Yeye akanitazama kwa huruma akasema, "Dada, lori limelala korongoni. Korongoni kuna mawe." Nikaliacha pale pale. Jiwe halina mdomo. Nilihitaji mtu aliyekuwa barabarani.

Nikaenda kwenye ghala la kahawa, nikauliza madereva ni lori gani lililokuwa linapanda asubuhi ile. Watu waliokula kwetu, Baba, waliolala kwetu mvua ikikata njia! Mmoja akaanza kukagua tairi lisilo na shida. Mwingine akakumbuka ghafla kwamba anaitwa. Mwishowe mzee mmoja anayeshona magunia akaniambia bila kuacha sindano yake, "Muulize Hamisi wa Majengo."

Hamisi! Dereva mwenzako, ndiye aliyekutoa korongoni. Ndiye aliyewaambia askari kwamba alikuta lori limeshaanguka. Kwenye maziko alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, nami nikampelekea kiti kwa heshima zote.

Kwake Majengo, huko huko mjini, nilimkuta uani anakunywa chai. Mkewe akanikaribisha vizuri, akaniletea kigoda. Hamisi aliponiona aliweka kikombe chini, na hapo nikajua. Nikamwamkia, maana wewe ulinilea, kisha nikamwuliza, "Ulimkuta Baba ameshaanguka, au mlipishana?" Mkewe akaacha kupepeta mchele. Hamisi akasema, "Kwenu kule mlimani, mtu akiwa na kosa kubwa, anakwendaje kwa wenyewe?" Nikamjibu kwamba anakwenda na jani la isale, na aliyeletewa isale lazima asikilize, apende asipende. Akasema, "Jumapili nitakuja." Sikunywa chai yake. Nilitembea hadi stendi na hasira zangu, nikitamani Jumapili ifike na nikitamani isifike.

Alifika baada ya misa, amevaa kanzu safi, anatembea kwenye tope la kihamba kama mtu anayekanyaga mayai. Isale mkononi. Akamsalimu Mama kwa lugha yetu, "Shimbonyi," kwa lafudhi ya kuchekesha, akaliweka jani mbele ya miguu yake kwa mikono miwili.

Mama akalitazama. "Umelitoa wapi isale hili, baba?"

"Hapo kwenye mpaka wenu, mama. Nimeona yapo mengi."

Uwii! Mtu anakuja kuomba msamaha na jani alilochuma kwenye ua wa aliyemkosea! Anatakiwa aje nalo kutoka kwao, analibeba njia nzima, kila mtu analiona na kujua ana kosa. Yeye alikuja mikono mitupu kama anayekwenda sokoni, akachuma la kwetu mlangoni. Nikasimama nimfukuze. Mama akanivuta nguo. "Mwache. Mtu wa Majengo ataotesha isale wapi, kwenye saruji? Kaa, baba. Sema."

Akasema, Baba. Nakuandikia kama alivyosema, bila kumwongezea wala kumpunguzia.

Alikuwa anapanda, amejaza saruji na mabati. Mkaonana kabla ya kona. Wewe ukapunguza, ukasogea pembeni mpaka tairi zikaingia kwenye majani. Yeye hakupunguza. Mlima ule ukipunguza na mzigo gari linazimika, likizimika pale halipandi tena, na alikuwa amechoka, akasema moyoni mwenzangu ameshanipisha, napita. Mlipofikiana uso kwa uso akakuona unanyoosha mkono, unabandika kiganja kwenye kioo. Hata yeye alikuwa amebandika chake. Akasikia mlio. Jiwe lilichomoka kwenye tairi lake. Akakiona kioo chako kinageuka cheupe, na katikati ya weupe ule kivuli cha mkono wako. Kisha lori lako likaenda moja kwa moja pale barabara inapokata kushoto.

"Mama," akasema, "mlevi haukumbuki mkono wake. Mimi nimeendesha na walevi. Mumeo alikuwa mzima kuliko mimi."

Mama akauliza, "Mkono gani?"

"Wa kushoto."

Mama akafumba macho. Ndiye aliyekuosha. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimechanikachanika chote, alijua tangu siku ile, ila hakujua maana yake. Nikaona mabega yake yanashuka, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikasema kimya kimya, nimeweza! Nimemtua mzigo. Nilitamani niruke niwaite wale wote walionong'ona nyuma ya jiko.

Kisha Mama akauliza swali ambalo sikulifikiria. "Ulipomfikia alikuwa hai?"

Hamisi akaniangalia mimi kama anayeomba ruhusa. Mimi nilikuwa wa kumpa ruhusa? Akasema, "Alikuwa hai, mama. Si kwa muda mrefu."

"Alisema nini?"

"Aliuliza... alisema, 'Hamisi, kioo kimekwenda?'"

Mama akacheka. Baba, alicheka kicheko kile chake chote, cha tumboni, cha siku za sikukuu. "Mnaona! Mke mdogo! Hata kufa anamuulizia mke mdogo!" Hamisi naye akaanza kutabasamu kwa woga. Mimi nikacheka, nilikuwa sijacheka tangu uondoke. Kicheko cha Mama kikaendelea, kikaendelea, halafu kikakatika katikati.

"Kwa hiyo alijua," akasema.

Akamgeukia Hamisi.

"Mimi nilijiambia hakusikia kitu. Nilisema pombe yangu imemuua, lakini angalau imemfunika, amekwenda kama aliyelala. Ndiyo nilikuwa nalalia hiyo. Kumbe alikuwa macho? Aliona? Aliumia, akaongea, na mimi niko hapa napepeta ulezi?"

Akatoa sauti, Baba. Sijawahi kuisikia kwa mtu. Majirani walikuja mbio wakidhani tumefiwa tena, na Hamisi wa watu amesimama na kanzu yake katikati ya uwanja, wanamwuliza amefanya nini, hajui aanzie wapi. Isale lilikuwa limekanyagwa. Mama mwenyewe akaliokota kwenye tope, akiwa bado analia, akamwambia, "Nimesikia, baba. Nenda kwa amani." Nikashangaa mdomo wazi. Mimi sikumwambia kitu. Sina amani ya kumpa Hamisi kwa sasa, na sitaki kukudanganya wewe uliye huko mbele ya Mungu.

Amefanya lililobaki, hilo nalikiri. Jumapili iliyofuata alisimama nje ya mlango wa kanisa, Mwislamu wa watu na kofia yake, akawaambia waumini waliokuwa wanatoka kila kitu alichomwambia Mama. Kisha akashuka mwenyewe polisi, na sasa anangoja waamue. Mbele za watu jina lako limesafishwa. Wale wanawake wamerudi na ndizi, wameinamisha macho, na mmoja amemuomba Mama apike mbege tena. Tajiri hajasema neno, nami sitegemei. Nasikia ameagiza nyavu za waya kwa malori yote yaliyobaki. Nilipoambiwa nilikwenda nyuma ya zizi nikapiga ngumi ukuta mpaka mkono ukavimba.

Nilidhani nikimletea Mama ukweli atapona. Hatia imeondoka, kweli, hajitaji tena muuaji. Lakini chini ya ile hatia ulikuwepo wewe, na yeye alikuwa hajakugusa. Usingizi umekwisha. Hali chakula. Ananisimamisha katikati ya kazi kuniuliza kama mtu aliyekatwa na kioo anasikia baridi. Jana amefungua sanduku la nguo zako akanusa moja moja. Mimi, Baba, nilikulilia mwanzo, nikachoka, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kupita hapa kaburini na ndoo ya maji bila kusimama. Nilikuwa nahesabu kurudi shuleni. Kwenye kuomboleza nilitangulia, nikaenda peke yangu nikamwacha nyuma.

Asubuhi ya leo ametandika majani makavu ya migomba chini sebuleni, kama tulivyotandika siku ya kwanza ya msiba. Akakaa, akanyoosha miguu, akasema, "Njoo tukae, mwanangu. Mume wangu amekufa." Alisema kama anayenipa habari. Nikamwambia nakuja, nimalize jambo moja hapa nje.

Shule nitaiandikia wasinisubiri muhula huu. Nakuahidi sitamwambia anyamaze, wala sitamwambia kwamba muda umepita. Nitakaa naye pale chini na nitakulilia tangu mwanzo, kama sijawahi kukulilia, mpaka atakaposema yeye kwamba imetosha.

Kwaheri, Baba. Mama ananiita. Ndiyo kwanza tunakuzika.

Binti yako,
Apolonia